Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutumiwa sana kumwonya mwenye duka asiyeandika anachouza na anachokopesha. Lakini maana yake inavuka mlango wa duka. Yapo madaftari mengine, yaliyowekwa na dola kwa niaba ya umma, ambamo huandikwa habari za watu na makampuni yaliyoshindwa kulipa madeni yao. Madaftari hayo ndiyo kumbukumbu za ufilisi. Mwananchi asiyejua kwamba yapo, au anayejua lakini hana njia ya kuyafikia, hupotewa na mali yake kama yule mwenye duka. Tofauti ni moja tu: yeye hupotewa ilhali habari zimekwisha andikwa.

Yafaa ieleweke kwanza kwa nini jambo hili linawahusu watu wa wilaya hii, wala si mawakili wa Dar es Salaam peke yao. Kilosa ni nchi ya kilimo, na kilimo huendeshwa kwa kuaminiana. Mahindi, mpunga na ufuta hutoka shambani kabla fedha hazijaonekana. Wakulima wa miwa wa Kidodi na Ruhembe huvuna kwanza, kisha hungoja malipo. Mikumi, iliyo kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, huishi kwa wasafiri na malori. Mwenye gereji hutengeneza gari leo akalipwa mwezi ujao, na mama wa chakula hulisha vibarua wiki nzima kwa ahadi ya Jumamosi. Biashara ya namna hiyo haina ubaya. Ndiyo iliyojenga miji midogo yote ya Tanzania. Lakini kila anayekopesha amekwisha kuweka mali yake mkononi mwa mwingine, na siku mwingine huyo atakapoanguka, haki ya mkopeshaji itategemea jambo moja: je, alipata habari kwa wakati?

Hapana budi pia kutenganisha maneno. Mitaani neno kufilisika lina maana pana mno. Mtu akifunga kibanda chake sokoni husemwa amefilisika. Dalali wa mahakama akichukua baiskeli na redio ya mdaiwa husemwa amemfilisi. Katika sheria mambo si hivyo. Kukamatiwa mali kwa sababu ya hukumu moja ya deni ni utekelezaji wa hukumu, na faida yake humwendea yule mdai mmoja aliyeshtaki. Ufilisi ni jambo jingine. Ni hali anayowekwa mtu kwa amri ya mahakama, mali yake yote ikakusanywa pamoja na kugawanywa kwa wadai wake wote kwa utaratibu mmoja. Muflisi ni aliyeanguka. Mfilisi ni aliyekabidhiwa kukusanya na kugawa. Majina hayo yanakaribiana sana kwa sauti, lakini anayeyachanganya atakwenda kudai kwa mtu asiye na mamlaka tena juu ya hata shilingi moja.

Ufilisi wa mtu binafsi katika Tanzania Bara huongozwa na Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo asili yake ni enzi ya utawala wa Waingereza na ambayo ilifuata kwa karibu sheria yao ya mwaka 1914. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, ama na mdai, ama na mdaiwa mwenyewe aliyekiri kwamba hawezi tena. Mahakama ikiridhika hutoa amri ya kukabidhi mali, nayo mali huwekwa chini ya mfilisi wa Serikali. Kazi hiyo leo iko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, chini ya Kabidhi Wasii Mkuu. Mdaiwa hutakiwa kuandika taarifa ya mali yake na madeni yake yote, akitaja kila anayemdai. Wadai huitwa kwenye mkutano. Mdaiwa huhojiwa mahakamani hadharani juu ya mwenendo wake na jinsi mali ilivyokwenda. Mwisho hugawanywa kilichopo, na baadaye mahakama yaweza kumfungua muflisi ili aanze maisha upya.

Katika kila hatua huzaliwa karatasi: maombi, kiapo, amri, taarifa ya mali, orodha ya wadai, kumbukumbu za mahojiano, hesabu za mgawo, na amri ya kumfungua. Karatasi hizo kwa pamoja ndizo jalada la ufilisi. Ndani yake mna majibu ya maswali ambayo mdai wa kijijini hujiuliza usiku. Je, mdaiwa wake alikuwa na nyumba? Je, aliuza lori lake wiki chache kabla ya kuanguka, na alimwuzia nani? Je, jina la mdai limo katika orodha, au limeachwa?

Mathalani, achukuliwe mkulima mmoja wa Mikumi aliyempa mfanyabiashara magunia 40 ya mahindi kwa ahadi ya kulipwa baada ya mwezi. Mfanyabiashara huyo ana madeni makubwa mjini, na mdai wake mwingine amekwisha peleka maombi Mahakama Kuu. Amri inatolewa. Sheria inataka itangazwe katika Gazeti la Serikali na katika gazeti la habari, nayo inatangazwa. Mbele ya sheria, dunia nzima imearifiwa. Lakini Gazeti la Serikali halifiki sokoni Mikumi, na mkulima hana desturi ya kulisoma. Yeye anaendelea kumpigia simu mdaiwa wake, naye anaendelea kuahidi. Mkutano wa wadai unafanyika bila yeye. Wadai wakubwa, wenye mawakili, wanathibitisha madeni yao na kupiga kura. Mali inagawanywa. Siku mkulima atakapopata habari, kilichobaki kugawanywa ni kidogo au hakipo kabisa, kwa maana mdai aliyechelewa hawezi kuwanyang'anya wenzake walichokwisha pewa kihalali. Hakuna aliyemwibia mkulima huyo. Sheria haikuvunjwa mahali popote. Na bado magunia yake 40 yamekwenda.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Haki ya kugawiwa kwa usawa, ambayo ndiyo roho ya sheria ya ufilisi, imewekwa kwa ajili ya mdai mkubwa na mdai mdogo sawasawa. Mdai mdogo huikosa kwa sababu ya umbali wa daftari tu. Sheria hata imemfikiria mnyonge kwa namna ya pekee: mishahara ya wafanyakazi kwa kipindi na kiasi kilichowekwa hulipwa kabla ya madeni ya kawaida. Lakini mfanyakazi asiyejua kwamba mwajiri wake yuko chini ya mfilisi hawezi kuitumia nafasi hiyo ya mbele.

Je, kumbukumbu hizo ziko wapi? Jibu hutegemea ni nani aliyeanguka, na kosa la kwanza la watu wengi ni kuitafuta habari katika ofisi isiyohusika.

Ikiwa aliyeanguka ni mtu binafsi, jalada liko katika masjala ya Mahakama Kuu ilikofunguliwa kesi. Kwa mkoa huu, Mahakama Kuu hukaa mjini Morogoro, katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Kabla ya masjala ya Morogoro kuanzishwa, mashauri ya mkoa huu yaliyohitaji Mahakama Kuu yalikwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetafuta shauri la zamani asishangae asipolikuta Morogoro. Mahakama ya Wilaya ya Kilosa na Mahakama za Mwanzo zina majalada ya madai ya kawaida na ya utekelezaji wa hukumu. Hayo nayo yana faida, maana mtu mwenye hukumu nyingi za madeni zisizolipwa huwa ameonyesha dalili mapema, lakini si majalada ya ufilisi.

Ikiwa aliyeanguka ni kampuni, sheria ni nyingine: ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Habari za kampuni, yaani wakurugenzi wake, rehani zilizowekwa juu ya mali yake, na taarifa ya kuvunjwa kwake, huwekwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Amri ya mahakama ya kuivunja kampuni hutoka Mahakama Kuu. Mwananchi akumbuke kwamba jina lililoandikwa kwa rangi juu ya ghala huenda lisiwe jina lililosajiliwa. Anayeuza kwa mkopo aandike jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili siku ya mauzo, si siku ya msiba.

Ikiwa iliyoanguka ni benki, mfilisi mara nyingi ni Bodi ya Bima ya Amana. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki 5 kwa pamoja, zikiwamo Benki ya Wananchi ya Njombe, Benki ya Wananchi ya Meru na Benki ya Ushirika wa Wakulima wa Kagera. Hizo zilikuwa benki za jumuiya, zilizobeba akiba za watu wa kawaida. Wakati huo kinga ya bima kwa kila mwenye amana ilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kuwa shilingi 7,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya kiwango cha kinga alibaki akingoja ukusanyaji wa mali za benki. Funzo ni kwamba anguko la taasisi ya mbali humgusa mtu wa wilayani moja kwa moja, na mwenye kitabu chake cha benki mkononi huwa na pa kuanzia.

Ikiwa kilichoanguka ni chama cha ushirika, njia haipiti Mahakama Kuu kwanza, bali kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, chini ya Sheria ya mwaka 2013. Mrajis ndiye afutaye usajili na kumteua mfilisi wa chama. Wazee wa wilaya hii wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa nchini kote, kabla ya kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wanajua jinsi ilivyo vigumu kuthibitisha hisa au malipo ya zao wakati vitabu vya chama vimetawanyika.

Kilosa ina historia yake katika jambo hili. Reli ya kati ilipofika hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilileta mashamba ya mkonge na pamba, na pamoja na mashamba hayo ikaleta mikopo mikubwa. Bei ya mkonge ilipoanguka katika mtikiso wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930, walioandikwa katika madaftari ya ufilisi hawakuwa wakulima Waafrika. Sheria za kikoloni juu ya mikopo ziliwazuia wafanyabiashara wasio Waafrika kuwadai Waafrika mahakamani madeni mengi ya biashara bila kibali, kwa hoja ya kuwalinda. Kwa hakika ulinzi huo ulikuwa pia ukuta: ulimweka Mwafrika nje ya biashara ya mikopo na nje ya mahakama zake. Daftari la ufilisi likawa la wageni, likaandikwa kwa Kiingereza, likahifadhiwa mbali. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mlango ulifunguliwa, lakini daftari liliendelea kwa muda mrefu kukaa palepale na kusema lugha ileile.

Mkonge ulitoa funzo la pili. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kurekebishwa na kuuzwa. Madai ya wafanyakazi wa mashirika ya namna hiyo mahali pengi nchini hayakuwa katika jalada moja la mahakama. Mengine yalikuwa katika Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ambayo shughuli zake zilizosalia ziliishia mikononi mwa Msajili wa Hazina. Mzee anayeshika barua ya ajira ya miaka ya 1980 na kutafuta haki yake hana budi kufuata njia ya ofisi hiyo. Mlango wa ufilisi wa kawaida hautamfungukia. Kwa majalada ya kale kabisa, ya enzi ya ukoloni, iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayoongozwa na Sheria ya mwaka 2002.

Ndugu wananchi, ni kweli kwamba mengi yamerahisishwa. Tangu mwaka 2018 maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa katika mtandao wa TanzLII, ambako yeyote mwenye simu yaweza kumfaa kuyasoma bila malipo. Mwaka 2021 Bunge liliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu raia anayeomba taarifa ndani ya siku 30, na Katiba yenyewe, katika Ibara ya 18, inatambua haki ya mwananchi kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023 imewapeleka wanasheria hadi vijijini.

Lakini yafaa kusema kweli juu ya mipaka ya mafanikio hayo. Mtandao huonyesha uamuzi, hauonyeshi jalada. Shauri ambalo halikufikia uamuzi wa kuandikwa laweza lisionekane kabisa, na taarifa ya mali za muflisi haimo humo. Anayetafuta jina mtandaoni akalikosa asitangaze kwamba mtu huyo ni salama. Kuliona jalada lenyewe kunahitaji kufika masjala, kuandika maombi kwa Naibu Msajili, kutaja majina kamili na mwaka, na kulipa ada ya nakala. Kutoka Mikumi hadi Morogoro ni kilomita 120 hivi. Kwa mtu anayedai shilingi 300,000, nauli ya safari tatu na gharama ya malazi humaliza maana ya deni.

Wako wanaopinga kumbukumbu hizi kuwa karibu na watu. Husema kwamba katika mji mdogo kila mtu humjua mwenzake, na jina la aliyeanguka likibandikwa ukutani, watoto wake watachekwa shuleni. Hoja hiyo ina uzito wake wala isidharauliwe. Lakini watazame hali ilivyo sasa. Katika mji mdogo habari ya kuanguka haifichiki. Inayofichika ni habari ya kweli. Uvumi humwita muflisi mtu aliyekawia kulipa wiki mbili, na humwita tajiri mtu aliyekwisha hamisha nyumba kwa jina la shemeji. Uvumi haujui tarehe, wala hausahihishwi. Daftari la mahakama lina tarehe, lina sahihi, na zaidi ya yote lina ukurasa wa mwisho: amri ya kumfungua muflisi. Mtu aliyefunguliwa na mahakama anastahili kuaminiwa tena, na karatasi hiyo ndiyo ngao yake mbele ya majirani wasiosahau.

Sheria nayo imeweka kiasi. Taarifa ya mali na madeni haikuwekwa ili kila mpita njia aipekue. Hufunguliwa kwa anayejieleza kwa maandishi kuwa ni mdai, na anayedanganya juu ya hilo huidharau mahakama. Zana za kazi za muflisi, na mavazi na matandiko ya familia yake, hulindwa kwa kiwango kilichowekwa. Kwa upande wa pili, muflisi ambaye hajafunguliwa haruhusiwi kukopa kupita kiasi kilichowekwa bila kumweleza anayemkopesha hali yake, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Makatazo hayo yana nguvu mahali ambapo watu wanaweza kujua. Mahali ambapo hawawezi kujua, mtu huyo aweza kuhama kutoka mji mmoja hadi mwingine akikopa upya.

Basi wajibu umegawanyika. Ofisi zinazohusika zingefanya jambo jema kama tangazo la ufilisi linalomhusu mtu aliyefanya biashara Kilosa lingepelekwa pia, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, kwenye ubao wa Mahakama ya Wilaya, ofisi za kata na masoko ya eneo hilo. Gharama yake ni karatasi na nauli ya barua. Mtendaji wa kata aliyelisoma tangazo hilo kwenye mkutano wa kijiji amewaokoa watu wengi kuliko aliyelikunja na kulitia sandukuni. Masjala ya Kilosa ingeweza kupokea maombi ya nakala na kuyapeleka Morogoro kwa mashine zilizopo, ili jalada lisafiri badala ya mkulima.

Mwananchi naye ana wake. Aandike. Kila mkopo uwe na karatasi yenye jina kamili, tarehe, kiasi na sahihi, kwa maana mfilisi hatalipa deni kwa sababu kijiji kizima kinajua. Atalipa deni lililothibitishwa. Aulize kabla ya kukopesha kiasi kikubwa. Akisikia kwamba mdaiwa wake ameanguka, asiende kuchukua ng'ombe wake usiku, kwa sababu mali hiyo sasa ni ya wadai wote, na aliyeichukua atatakiwa kuirudisha. Aende upesi kwa msaidizi wa kisheria, apate namba ya shauri, na apeleke uthibitisho wa deni lake. Wadai wadogo wa mahali pamoja wachange nauli wakamtuma mmoja wao. Magunia 40 ya mtu mmoja hayawezi kulipia safari, lakini magunia 400 ya watu 10 yanaweza.

Naye mdaiwa mwaminifu asikimbie. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa dawa yake ni kusema kweli mahali panapostahili. Sheria humpa nafasi ya kwenda mahakamani mwenyewe, kuweka kilicho chake mezani, na kuanza tena. Anayetoroka usiku na kuacha familia ikijibu maswali hulipoteza jina ambalo mahakama ingeweza kumrudishia.

Reli ya kisasa, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inapita Kilosa. Wafanyabiashara wapya watakuja, na mikopo itakuja pamoja nao. Wengine watafanikiwa na wengine wataanguka, kama ilivyokuwa tangu reli ya kwanza. Wakati ule daftari liliandikwa bila mwananchi wa Kilosa kujua limeandikwa nini. Safari hii ni lake, kwa lugha yake, na siku yoyote atakapolihitaji awe anajua jina la ofisi, jina la shauri, na njia ya kufika.